Tulianza na Nyumba za Mbali

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kaka yangu, na kabla ya saa nne asubuhi visigino vilikuwa vimeshachubuka. Hakuna aliyeniambia kwamba kuandika sheria za barabara ni kazi ya kutembea. Nilitoka shule ya misheni nikiwa na mwandiko mzuri, nikafikiri mwandiko hukaa mezani. Tata Mukendi (tata kwetu ni baba), mkuu wa ofisi ya barabara, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye vile viatu, akanipa ncha ya dekameta, ule utepe wa kupimia wa mita kumi.

"Shika. Usiachilie. Tunaenda."

Ofisi ilikuwa katikati ya cité, mji wetu mdogo wa wafanyakazi wa migodi, mwendo wa baiskeli kutoka Kolwezi. Jina la mji sitalitaja, waliokaa pale wanalijua. Nilidhani tungeanza kupima barabara iliyokuwa mbele ya mlango wetu. Mzee akaipita. Akapita na ya pili, na ya tatu, mimi nikichechemea nyuma yake, mpaka tukafika mwisho kabisa, ambako nyumba zinaisha na mashamba ya mihogo yanaanza. Hapo ndipo alipoweka kigingi cha kwanza.

"Batu ba karibu na ofisi, kila mukubwa anabaona," alisema kwa Kiswahili cha kwetu Katanga. "Bale ba kule mwisho, nani atabakumbuka? Njo tunaanza na bale."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Tunaanza avenue, yaani barabara, ya mbali, tunakuja taratibu kuelekea ofisini. Na kwenye kila avenue tunafuata kwanza upande wa namba witiri, yaani moja, tatu, tano, hadi mwisho wake, halafu tunavuka na kurudi kwa upande wa namba shufwa, zile za mbili, nne, sita. Mzee hakutaka kabisa kuvuka huku na huku. Alisema anayevukavuka huruka nyumba, na nyumba iliyorukwa leo itakuja kulalamika kesho.

Vijana wa ofisi mpya ya barabara mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Naandika, lakini mnivumilie, maana sijui kukaa. Tangu asubuhi nimeinuka mara nyingi kwenda mlangoni bila sababu, na mke wangu ameshachoka kuniuliza ninamtafuta nani.

Kurekebisha sheria ya maegesho kulikwenda hivi. Kitu kinabadilika mjini: shule inafunguliwa, duka linafungwa, zahanati inahamia kona nyingine. Tunakwenda kupima. Tunachora kroki, mchoro wa mkono unaoonyesha ukingo wa barabara, mifereji, miti na milango. Mzee anaamua gari lisimame wapi na lisisimame wapi: mita tano kutoka kwenye kona ni marufuku, mbele ya zahanati ni marufuku, mbele ya kanisa ni ruhusa Jumapili tu. Mimi naandika arete, yaani amri yenyewe, kwa vifungu vifupi, mkuu wa cité anatia sahihi, na mpaka rangi anapaka plake, kibao cha alama. Plake ikishasimama, sheria imezaliwa. Kabla ya hapo ni karatasi tu.

Tulikuwa pia na sheria ya kubadili upande. Nusu ya kwanza ya mwezi magari yote yalisimama upande wa witiri, nusu ya pili upande wa shufwa, ili wafagiaji wapate kusafisha mifereji. Siku ya kubadili mngecheka. Daktari alikuwa anasahau kila mara, padri anasahau kwa makusudi, na mhandisi mmoja wa mgodi alikuwa anatoka nje na pijama kuhamisha gari lake huku akitutukana kwa Kifaransa. Mzee Mukendi alisimama pale kofia mkononi, mpole kabisa, akingoja amalize. "Asante, Bwana Mhandisi. Bado mita moja nyuma." Nilimpenda mzee huyo. Afadhali niseme mapema, kwa sababu mbele huko mtaona kama sikumpenda.

Alikuwa mtu wa jimbo la Kasai kwa baba yake. Baba aliletwa kufanya kazi ya mgodi zamani za Wabelgiji, mtoto akazaliwa hapahapa, kambini. Kasai yenyewe Tata Mukendi hakuwahi kuiona hata kwa likizo. Mimi ni Mluba wa kaskazini ya Katanga. Katika miaka yote ya dekameta, yeye akishika kichwa cha utepe na mimi mkia, jambo hilo halikuwahi kuwa neno kati yetu.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Kisenge, kwenye mji wa migodi ya manganizi, kusaidia kuandikisha viwanja. Mkuu wa kituo pale alikuwa mzee mvivu aliyependa bia, lakini mkaguzi wa wilaya aliyekuja kutukagua alikuwa mtu mkali. Alipekua rejista zote akizirusha mezani moja baada ya nyingine, akafika kwenye yangu, hii hakuirusha. Mimi nilikuwa ninanakili kila kitu kilichoandikwa kwenye kitambulisho cha mtu: jina, jina la baba, kijiji cha asili, teritwari, jimbo. Wenzangu waliandika jina na namba ya kiwanja, wakaenda zao. Mkaguzi akainua rejista yangu juu.

"Muangalie! Huyu hasahau kitu. Hivi njo batu ba kazi banaandikaka!"

Nilikuwa kijana. Sifa ile ilinilevya kuliko bia ya mkuu wa kituo. Niliporudi kwa Tata Mukendi, sasa nikiwa mwandishi kamili wa ofisi, nilirudi na tabia hiyo, nikiipenda kama mtu anavyopenda suti yake ya harusi.

Kisha mambo yakaharibika. Mnajua wenyewe: mgodi mkubwa uliporomoka, mashine zikasimama, mishahara ikawa hadithi. Askari walipora maduka, na waliobaki nyuma wakapora milango. Magari yalikwisha barabarani. Plake zetu zikaanza kupotea moja moja, na mnajua zilikokwenda? Zilifuliwa zikawa mbabula, majiko ya makaa. Siku moja nilikwenda kwa jirani nikaona sufuria ya maharage imetokota juu ya "Marufuku Kuegesha". Mwandiko ulikuwa bado unasomeka.

Badala ya magari yalikuja pusipusi, mikokoteni ya kusukuma kwa mikono, na baiskeli zenye magunia ya makaa kila upande. Zilijaa sokoni, zikaziba zahanati, mama mwenye uchungu wa kuzaa akabebwa mgongoni kwa sababu hapakuwa na njia. Sheria yetu haikuwa na neno lolote juu ya pusipusi. Tata Mukendi alisema turekebishe kila kitu upya. Kila kiwanja kitaje kinachosimama mbele yake, gari, pusipusi, baiskeli au hakuna, na kila kimoja kipewe mahali pake. Mkuu wa cité akakubali. Ilikuwa kazi nzuri. Mji unaanguka, na sisi wawili tunatembea na dekameta tukiupanga. Nadhani ilitusaidia tusiogope.

Tulitembea mji mzima kwa desturi yetu, kuanzia mbali, witiri kwanza. Yeye alipima, mimi niliandika rejista. Na mimi, mtu nisiyesahau kitu, niliomba kitambulisho kwenye kila mlango nikanakili vyote. Jioni moja, jua bado lipo, mzee alichukua rejista ili achore kroki, akaona safu zangu. Akavua miwani.

"Kabange, jimbo la asili, juu ya nini? Pusipusi iko na asili?"

"Ni mwandiko kamili tu, Tata."

"Jina, avenue, numéro, na kitu kinasimama. Basi. Andika ingine, safi, bila ile safu. Hii tutachoma."

"Nitaandika, Tata."

Sikuandika. Nataka mwelewe vizuri hapa, maana ndipo ninapoinuka tena kwenda mlangoni. Redio zilikuwa zimeshaanza kusema. Kwenye mikutano watu wa Kasai waliitwa bilulu, wadudu, na waliambiwa kwamba treni ipo, warudi kwao. Nilisikia. Sikuwa mtoto. Lakini rejista ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, kurasa bila hata neno moja lililofutwa, na niliona uchungu kuichoma. Nilisema kesho, nikasema wiki ijayo. Mzee aliuliza mara moja, nikamwambia nipo nusu yake. Uongo mtupu. Sikuwa nimeandika hata kichwa cha ukurasa.

Mkuu wa cité akabadilishwa. Mpya alikuja na vijana wa chama, walewale wa mikutano, wakimfuata kila aendako, na katibu mwenye sauti ya chini. Tata Mukendi alikuwa nyumbani na malaria siku ambayo katibu aliingia ofisini kwetu.

"Banasema mulitembea nyumba zote. Kuko kitabu?"

"Kuko, Bwana Katibu."

Nikaitoa rejista kabatini, nikaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Nilimfungulia mwenyewe, nikamwonyesha safu zilivyonyooka. Akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho, polepole, ukurasa wa kwanza, wa pili. Akatabasamu.

"Ile njo kazi ya mutu wa kusoma," alisema, akaiweka kwapani, akatoka.

Na mimi nilifurahi. Mpaka leo naikumbuka furaha ile, na ningependa kuing'oa.

Kama siku nne hivi zilipita. Nikiwa njiani kwenda kuangalia shamba langu la mihogo nilipitia avenue ya mwisho, nikaona malango yana alama ya chokaa, msalaba mkubwa. Si yote. Hili lina, hili halina, mawili yana. Mwanamke alikuwa anatoa godoro nje, na vijana wamekaa juu ya ukuta wakimtazama. Nilipita haraka. Nilipofika mwisho ndipo nikageuka kuangalia tena. Misalaba yote ilikuwa upande wa witiri. Upande wa shufwa ulikuwa safi.

Kesho yake asubuhi nilirudi pale. Sasa misalaba ilikuwa hata upande wa shufwa, kutoka mwisho wa avenue kurudi mwanzo. Na kwenye avenue iliyofuata, chokaa mbichi kabisa, witiri.

Mtu mwingine yeyote angeanza karibu na ofisi ya chama, angevukavuka huku na huku. Wale vijana hawakuwa wanachagua njia. Walikuwa wanafunua kurasa zangu, wakitia msalaba kila penye neno Kasai.

Nilikimbia ofisini kwa mkuu wa cité. Katibu alisema kitabu kiko kazini, na akaniuliza kama nina shida na kazi. Vijana wawili mlangoni waligeuza vichwa kuniangalia. Nikasema sina. Nikatoka, nikazunguka soko mara mbili, mara tatu, miguu ikienda tu. Mwishowe nikajikuta kwenye avenue ya Tata Mukendi, jirani ya ofisi. Jicho langu lilikwenda kwenye lango lake kwanza. Lilikuwa halina kitu.

Alikuwa uani, amejifunga shuka kwa ajili ya homa, anafunga vitabu kwa kamba. Mke wake, Mama Mbombo, alikuwa anakunja nguo ndani ya beseni, na binti yao mdogo, Ntumba, amekaa juu ya sanduku akila muwa. Mzee hakunisalimu. Aliongea polepole bila kuinua sauti, na bila kuacha kufunga kamba.

"Jana na leo nilituma mutu aangalie. Banaanza kule mwisho. Empeeri mbele, kiisha banarudia na peeri. Mu cité hii yote, nani anatembeaka vile?"

Empeeri ni witiri, peeri ni shufwa, kwa Kifaransa chetu cha ofisini.

"Miye na weye," alisema. "Ile safu, ulitosha?"

"Apana, Tata, sikuiondoa."

"Uliniambia uko nusu."

"Ndiyo, Tata."

Alikaza fundo. Mama Mbombo alikuwa amesikia sauti yangu, akaja na shati mkononi.

"Kabange anasema nini? Kuko habari?"

Nilifungua mdomo. Mzee akanitangulia.

"Anakuya kutuambia tutoke mbio," alisema. "Mwendo ya bale batu, batafika huku nyuma ya siku tatu. Kabange njo anajua. Umushukuru."

Mama yule alishika mikono yangu yote miwili, pamoja na shati, akalia. Akanibariki, mimi na watoto ambao nilikuwa sijazaa bado. Ntumba akaacha muwa, akaja kusimama karibu nami. Nilimtazama mzee juu ya kichwa cha mke wake, nikingoja aseme, au nipate nguvu niseme mimi. Aliokota kitabu kingine, akatafuta kamba.

Miaka mingi nimejiuliza kwa nini alifanya vile. Pengine alihitaji mtu wa kusukuma mizigo, na mke wake asingekubali kutembea na mimi kama angejua. Pengine alinihurumia. Kuna siku nyingine nafikiri alitaka nibebe shukrani hizo, kwa sababu zingekuwa nzito kuliko laana. Kwa upole wake wote, mzee alijua kupima uzito.

Nilisukuma pusipusi yao mpaka stesheni ya Kolwezi, kabla ya siku ya tatu. Kwa hiyo walitoka na mizigo yao, na hakuna aliyewagusa. Waliongojea chokaa kufika hawakutoka hivyo. Stesheni ilikuwa imejaa watu wamelala juu ya mabeseni na magodoro, treni inakuja inapotaka, wengine wamekaa pale wiki nyingi, na watoto wadogo wanazikwa nyuma ya reli. Nilikuwa nakwenda kila baada ya siku mbili na unga na maji. Mzee aliongea nami mambo ya kazi tu. Kwamba plake ya kona ya soko inataka saruji mpya. Kwamba nisikubali pusipusi mbele ya zahanati hata mkuu akiamuru. Mara nyingine alinichorea kroki kwenye vumbi kwa kijiti. Nilitaka anitukane. Nilijaribu kuanza: "Tata, ile rejista..." Akasema, "Mita tano kutoka kwenye kona, Kabange. Usipunguze."

Treni yao ilipokuja, watu walipanda hadi juu ya paa. Nilimwinua Ntumba kupitia dirishani. Mzee hakugeuka kunipungia mkono, alikuwa anatafuta pa kumkalisha mkewe. Miaka miwili baadaye msafiri mmoja alileta habari kwamba amefariki huko Kasai, kifua.

Mimi nikapewa kiti chake. Ndiyo, nilikikalia. Wakuu watano wa cité walipita juu yangu: mmoja mwanajeshi, mmoja mcheshi, mmoja aliyetaka barabara iitwe kwa jina la mama yake. Sheria ya pusipusi ilipita hatimaye, na kwa miaka mingi zahanati haikuzibwa. Niliandika jina, avenue, namba na kinachosimama. Mwandishi yeyote aliyeongeza safu nilimfukuza mezani kwangu, na ofisini walisema mzee amekuwa mkali bila sababu. Nilistaafu malori makubwa ya kobalti yakiwa yameshaanza kupita mchana kutwa. Leo naambiwa mtaani Kasulo, kule Kolwezi, watu wamechimba kobalti hadi chini ya vitanda vyao, na ninyi vijana mnajaribu kupima maegesho juu ya ardhi yenye mashimo. Poleni. Mambo ya kiufundi nimeshawaeleza: kona mita tano, anzeni na walio mbali, msivukevuke. Msiandike msichohitaji. Ningeweza kuishia hapo, na mngesema mzee ameandika vizuri.

Lakini mwaka jana Ntumba alirudi. Ni mama mtu mzima sasa, anafanya kazi ya ofisi kwenye kiwanda cha madini cha Kingamyambo, ana watoto watatu. Alinitafuta nyumba kwa nyumba mpaka akanipata. Alileta kilemba kwa mke wangu na kwangu shati, akaniita Tata, akawasukuma watoto mbele.

"Muangalie huyu muzee muzuri," aliwaambia. "Bengine bote balinyamaza. Yeye alikuya kutuonya. Bila yeye, siye bote hatuko hapa. Tata yangu alisema vile mupaka siku ya kufa."

Mke wangu alinitazama kwa fahari. Watoto walinipa mkono mmoja mmoja. Na mimi nilikunywa chai. Na wewe, Ntumba, ulipoomba nijaribu lile shati, nililivaa. Lilinienea. Unakuja kila mwezi tangu siku hiyo, na kila mwezi nasema leo nitamwambia, kisha nakuuliza habari za shule ya watoto.

Vijana hawa watapiga chapa karatasi hizi na wewe utazisoma, kwa hiyo naandika hapa kile ambacho mdomo umekataa kusema. Baba yako ndiye aliyesoma njia ya wale watu, na ndiye aliyewatoa. Majina yenu, na ya wale wote wa avenue za mbali ambao hawakupata siku tatu, niliyaandika mimi, kwa mwandiko mzuri. Siku ile, mwanangu, sikuja kuwaonya. Nilikuja kuangalia kama wenye chokaa walishafika.